Magari Yaliyofungwa Matawi

Ofisi ya Mradi wa Makadirio ya Moshi wa Magari
Dar es Salaam
Jumatatu, 7 Julai 2014

Ndugu Tabita Kibona,
Mhesabu Magari, Kituo cha Mpemba,
Tunduma.

YAH: TOFAUTI YA HESABU

Habari za kazi. Bahasha yako ya mwezi Juni imefika salama na basi la Ijumaa. Karatasi ni safi na mwandiko unasomeka.

Nakuandikia kwa sababu karatasi zako na kamera hazisemi kitu kimoja. Kama tulivyokueleza mwezi wa tatu, ile kamera iliyo juu ya nguzo haipimi moshi. Inapiga picha tu. Kompyuta ndiyo inayotazama picha na kutambua kwamba hili ni lori, hili ni basi, hii ni pikipiki, na kila kimoja kilipita kwa mwendo gani. Baada ya hapo inakadiria moshi wa kila chombo kwa aina yake na mwendo wake. Lakini bado inajifunza, na ndiyo maana tukakuweka wewe chini ya nguzo na kalamu, ili tujue inapokosea. Wewe ndiye mwalimu wake.

Siku nyingi mnalingana kiasi cha kutushangaza. Zipo siku, hata hivyo, na kwa Juni peke yake nimekuta nne, ambapo kamera inakuzidi magari ishirini au hata thelathini, na yote ndani ya robo saa moja. Kabla ya robo saa hiyo mnalingana, na baada yake mnalingana tena.

Sisemi lolote. Nauliza tu, katika hizo robo saa unakuwa wapi? Naomba ujibu kwa maandishi, utie jibu kwenye bahasha ya karatasi za wiki, maana mambo ya kazi yakisemwa kwa simu hupotea.

Wako katika kazi,
Raphaeli Makene
Mchambuzi wa Takwimu

*

Mpemba
13 Julai 2014

Bwana Raphaeli,

Salamu. Mimi mzima, ni vumbi tu linatumaliza.

Umesema husemi lolote, kisha umesema ukurasa mzima. Mimi sikusoma sana lakini barua ya kunishuku naijua hata ikivaa suti.

Nakaa kwenye kiti changu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Msalani naenda saa sita, na nimeandika kwenye karatasi kwamba nimekwenda, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuwaandikia vijana wa Dar es Salaam. Chakula nakula hapohapo, ugali mkono wa kushoto na kalamu mkono wa kulia, na mama yangu angeniona angenichapa.

Labda mashine yenu ndiyo inayoona mara mbili. Foleni ya mpakani siku hizi inafika mpaka huku. Lori linasimama saa nzima, linasogea hatua tatu, linasimama tena. Nani ajuaye kama mashine hailihesabu upya kila linaposogea? Muulizeni yeye kwanza.

Na kwa kuwa umeanza wewe, acha nikueleze ninavyoishi hapa. Watu wanasema kamera ni ya kuvunja nyumba zilizo karibu na barabara. Wenye malori wanasema ni ya kodi ya moshi, kwamba kila lori likipigwa picha mwenyewe ataletewa karatasi ya kulipa. Nimewaeleza mpaka koo limekauka kwamba ni utafiti wa hewa. Wananisikiliza vizuri, halafu nikiondoka naona wanainamiana. Mwenye nyumba wangu ameniuliza mara mbili, kwa kicheko ambacho si cha kucheka, mshahara wangu unatoka wapi hasa. Kwa hiyo huku mimi ni jicho lenu, na huko kwenu mimi ni mwizi wa robo saa. Nichague lipi?

Karatasi za wiki zimo. Kuhusu hizo robo saa naomba usiniulize tena.

Tabita Kibona

*

Dar es Salaam
Jumatatu, 21 Julai 2014

Ndugu Tabita,

Nimefanya ulivyosema, nimeiuliza mashine. Haihesabu lori mara mbili. Hilo tulikwishalishughulikia tangu mwezi wa nne.

Kisha nikafanya ambalo pengine nilipaswa kulifanya mwanzoni. Nimefungua picha za Alhamisi iliyopita, tarehe 17. Saa nne na dakika kumi asubuhi kiti chako kipo, karatasi iko juu ya kiti na imewekewa jiwe. Wewe umesimama ukingoni mwa mtaro na umeipa barabara mgongo. Magari ishirini na sita yanapita. Saa nne na dakika ishirini na nne umekaa, kalamu mkononi, unaandika kama vile hakuna kilichotokea. Nimetazama siku nyingine tatu. Ni vilevile.

Mtu aliyelala haamki na kusimama wima. Mtu anayekwenda msalani hasimami mtaroni. Na kati ya hayo ishirini na sita, kumi na tisa ni malori makubwa ya zamani, yale ambayo moshi wake ndio tunaoutafuta. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba wenye malori wanaogopa kodi. Yupo mtu ambaye angefurahi sana malori yake yasiandikwe, na yupo mtu ambaye hataki kuulizwa.

Wakubwa wangu wameagiza usimame kazi kuanzia utakapopata barua hii. Nimemwandikia pia mtendaji wa mtaa wenu, Bwana Enoka, afuatilie kwa siri kama kuna mtu anayekupa chochote. Nasikitika kufikia hapa.

Raphaeli Makene

*

Mpemba
28 Julai 2014

Bwana Raphaeli,

Kwa siri! Enoka ameisoma barua yako kwenye mkutano wa mtaa Jumamosi, kwa sauti, akitua kila mara kurekebisha miwani. Watu walikuwa wengi kwa sababu kulikuwa na habari za maji. Habari za maji hazikufika. Waliokuwa wananiita jicho la serikali ndio haohao waliosimama kuniita mla rushwa, na hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili hayakai chungu kimoja. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa Agosti nitafute pengine.

Nilirudi nyumbani nikalia. Nakuambia waziwazi ili ujue barua zako zinafika.

Sasa zifungue tena picha zako. Usitazame malori. Tazama gari la mbele kabisa.

Lina matawi, sivyo? Matawi mabichi yamefungwa mbele, na taa zinawaka mchana kweupe. Huo ni msiba, Bwana Raphaeli. Watu wanamrudisha mtu wao kwao. Wengi wanatoka hospitali za Mbeya na Vwawa, wanapita kwetu kushuka Momba au kupanda Ileje.

Mimi ni wa Ileje, kule milimani. Nilivyolelewa, msiba ukikukuta njiani unatua mzigo, unasimama, unageuza uso. Hunyoshi kidole. Na huhesabu, kwa sababu anayehesabu magari ya msiba anamhesabia marehemu watu wa kumfuata. Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba mkono wangu unakataa.

Na malori ya nyuma? Barabara ni moja. Msiba unakwenda polepole, dereva mwenye adabu haupiti, basi malori yanaunga mkia. Mimi nimegeuka, nitajuaje wafiwa wanaishia wapi na malori ya shaba ya Zambia yanaanzia wapi? Nasubiri mpaka mngurumo upungue ndipo nakaa.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu niliogopa utaniambia, Tabita, moshi wa msiba nao ni moshi, hesabu. Ningekataa, na kazi ingekwenda. Basi nikanyamaza, na kazi imekwenda vilevile, na jina langu juu yake.

Kazi siitaki. Nataka barua. Jina langu lilichafuliwa mbele ya watu, lisafishwe mbele ya watu, na Enoka avae miwani ileile.

Tabita Kibona

*

Dar es Salaam
Ijumaa, 8 Agosti 2014

Mama Tabita,

Shikamoo. Nimekaa siku tatu na picha. Tangu Aprili kuna robo saa kumi na nne za namna hiyo, na zote kumi na nne zinaanza na gari lenye matawi. Nilikuwa naziona kila mara na sikuziona. Nilikuwa nahesabu malori.

Sikucheka. Baba yangu ni mfugaji huko Shinyanga. Mgeni akifika bomani akaanza kunyosha kidole, mmoja, wawili, watatu, baba anamkatiza na kumwambia akae anywe maziwa. Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi hivyo. Nilikua nikiliona jambo hilo, nikaenda shule, nikasoma mpaka nikafika mahali pa kumwandikia mama wa watu kwamba anakula rushwa. Nimeona aibu. Nisamehe.

Ulichoogopa ni kweli, na sitakudanganya: moshi wa msiba nao ni moshi, na tunauhitaji katika hesabu. Lakini mashine haina ndugu wala haina kwao. Ihesabu yenyewe. Wewe msiba ukija, simama kama ulivyolelewa. Ukikaa tena andika tu "nimesimama", na saa. Sisi huku tumeanza kuifundisha kompyuta aina mpya, gari la msiba, ambalo italitambua kwa matawi. Ikiona matawi itajua kwamba umesimama, na hakuna atakayekuuliza tena uko wapi.

Barua ya Bwana Enoka imo kwenye bahasha hii. Nimeieleza habari yote humo ili pasibaki la kunong'onwa, na nimemwomba aisome palepale alipoisoma ya kwanza. Kazi yako ipo, ukiitaka. Mimi naomba uitake.

Mwanao,
Raphaeli

*

Mpemba
Jumapili, 24 Agosti 2014

Mwanangu Raphaeli,

Marahaba. Umezaliwa upya, sasa unaandika kama mtu aliyenyonyeshwa.

Barua imesomwa Jumamosi ya tarehe 16. Enoka alitaka kuisoma haraka haraka ili awahi mambo ya maji, nikakaa mstari wa mbele kabisa. Alipofika pale ulipoandika kwamba Tabita Kibona ni mwaminifu na ofisi imemkosea, nilinyosha mkono nikasema hatujasikia vizuri, arudie. Tulikuwa tumesikia. Nilitaka arudie tu. Akarudia, na watu wakapiga makofi, na wengine kati yao ndio walionizomea. Niliwatazama mmoja mmoja. Moyo wangu ulitulia kama maji ya mtungi.

Mwenye nyumba amekuja mwenyewe na sahani ya maharage mabichi, anasema yale ya kuhama ilikuwa ni mazungumzo tu. Nimepokea maharage. Mazungumzo nimeyaweka moyoni.

Ile sehemu ya mashine kutambua matawi iliwapendeza sana. Waliisikiliza kuliko sehemu yangu. Mwenye malori mmoja alisimama akauliza, "Kwa hiyo gari la msiba halihesabiwi?" Nikamjibu, "Mimi silihesabu." Akauliza mara ya pili, kwa adabu sana, "Na hiyo mashine inalijua kwa tawi?" Enoka akarudi kwenye barua, akaitafuta mistari, akasema ndiyo, imeandikwa hapa. Wakakaa wameridhika. Nikafurahi kwamba hatimaye watu wanapenda kuelewa kazi yetu.

Nimerudi kwenye kiti tangu Jumatatu. Juzi msiba ulipita, nikasimama, nikaandika nilivyosimama. Sikuwa na wasiwasi na mgongo wangu.

Mama yako,
Tabita

*

Dar es Salaam
Jumatatu, 29 Septemba 2014

Mama Tabita,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na namba.

Aprili mpaka Julai, misiba kumi na minne. Wiki ya kwanza ya Septemba, kompyuta imeona misiba tisa. Wiki ya pili thelathini na mmoja. Wiki iliyopita themanini na minane.

Hapa ofisini tuliogopa. Tulidhani kuna ugonjwa umelipuka huko na serikali inaficha. Mkuu wangu alishika simu apige hospitali. Nikamwomba asubiri nitazame picha kwanza. Mama, ni malori ya shaba. Ni matanki ya mafuta, na magari ya saruji, yote yamefungwa matawi mbele na taa zinawaka mchana. Hakuna anayelia.

Mashine inayahesabu, tatizo si hilo. Tatizo ni kwamba inayaandika kama magari ya msiba, na sasa hatujui tena lori ni lipi na msiba ni upi. Miezi sita ya kazi imeingia tope.

Na karatasi zako zinasema "nimesimama" mara themanini na nane.

Naomba usinielewe vibaya. Baada ya yaliyopita ningependa kufa kuliko kukushuku. Lakini huku naulizwa, na ninalazimika kuuliza: nani aliwaeleza madereva habari za matawi? Wakubwa wanasema kuna mtu anauza siri ya mradi. Wewe ndiye uliye hapo. Mtu anasimamaje mara themanini na nane kwa saruji na haandiki hata neno moja kutuambia?

Nijibu upesi, tafadhali.

Raphaeli

*

Mpemba
Ijumaa, 17 Oktoba 2014

Raphaeli,

Uliyewaeleza ni wewe, kwa barua yenye muhuri, na Enoka akaisoma mbele ya wenye malori kwa sababu mimi nilitaka isomwe. Hakuna siri iliyouzwa. Tuliitoa bure, wewe na mimi, na watu wakapiga makofi.

Wanaamini kwamba tawi linawaepusha na kodi ya moshi. Nimewaambia hakuna kodi na mashine inawahesabu vilevile, wakaniambia, "Mama, wewe fanya kazi yako." Miti ya kando ya barabara kutoka hapa kuelekea Vwawa imebaki vijiti.

Unauliza mtu anasimamaje mara themanini na nane. Anasimama hivi. Likija tawi, ninageuka, kwa sababu siwezi kujua ni tawi la kweli mpaka nilitazame, na kutazama ndiko nilikokatazwa. Nilisimama mpaka miguu ikavimba. Dereva mmoja wa Zambia alitoa kichwa dirishani, akaniita mama kwa lugha ya kwao, "Ba mayo, pole na msiba!" Amebeba saruji. Wenzake wakacheka mpaka wakapiga honi. Sikuandika hayo kwa sababu niliona haya, na kwa sababu nilijua utaniuliza kama ulivyoniuliza.

Barua yako ilipofika niliiweka chini ya godoro siku mbili. Kisha nikasema basi. Nitatazama kwanza. Lenye jeneza nitasimama, lenye saruji nitahesabu, na Dar es Salaam watapata lori lao na msiba wao kila kimoja mahali pake. Wiki ile ya kwanza nilikuta misiba miwili ya kweli, nikasimama, ingawa nilikuwa nimekwisha kuitazama usoni. Wiki hii sikukuta hata mmoja. Tawi likija, saruji. Tawi likija, mafuta. Kufikia Jumatano sikuwa tena nangoja kuona. Nikiona tawi nasema moyoni, hawa nao, na napiga alama. Sijawahi kuwa na hasira na majani ya mti maisha yangu yote, na sasa ninayo.

Jana Alhamisi, saa tano kasoro dakika tano, ilikuja pikapu ina tawi, nyuma yake Fuso, halafu pikipiki mbili. Nikasema, hawa nao. Nikapiga alama ya pikapu. Nikapiga ya Fuso. Ndipo pikapu ilipofika usawa wangu.

Jeneza lilikuwa fupi, limefunikwa khanga. Mama yake amekaa chini kwenye bodi, ameshika ubao wa jeneza kwa mkono mmoja ili lisiteleze. Alinitazama. Mimi nimekaa kitako, karatasi kwenye goti, kalamu mkononi. Nilitaka kusimama, na mkono wangu, ule uliokuwa unakataa, ukapiga alama ya pikipiki ya kwanza, ukapiga na ya pili.

Nimeuliza njia panda. Ni watu wa ng'ombe, watu wa kwenu, wanashuka Msangano, huko Momba. Mtoto anaitwa Mbuke. Miaka minne.

Kiti, kalamu na mwavuli nimempa Enoka avitunze mpaka mtakapompata mtu mwingine. Usiniandikie kwamba ni bahati mbaya, wala usiniombe radhi tena, maana unajua kuomba radhi vizuri na mimi nitakusamehe. Karatasi ya jana imo humu. Sikufuta kitu. Tazama saa tano kasoro dakika tano utaona alama nne, na mashine yako nadhani nayo imeona nne. Safari hii tumelingana.

Tabita Kibona